Piano Mbili Forodhani

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Mombasa. Mwaka wa 22 huu nashika makaratasi ya watu: magari, vigae, mashine za kusaga, mitumba, vyombo vya waliorudi kutoka ng'ambo. Ukikaa sana kwenye kazi hii kila kitu duniani unakijua kwa namba yake ya forodha. Piano ni 9201. Hadi siku ninayotaka kuisimulia, nilikuwa sijawahi kuiandika namba hiyo hata mara moja.

Kontena lilikuwa la mama mmoja wa Kisauni, muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi Uingereza zaidi ya miaka 30 na sasa anarudi kwao. Kwenye orodha ya vyombo, baina ya jokofu na magodoro, alikuwa ameandika kwa mkono wake: piano, kuukuu, moja. Afisa wa ukaguzi akataka ifunguliwe. Hakuwa mkorofi. Kitu kizito vile, kimeviringishwa mablanketi manne na kamba, lazima ajue ndani mna nini. Vijana sita wakaishusha, wakaiweka katikati ya banda kule yadi ya makontena Changamwe, saa nane mchana, bati juu linawaka moto.

"Inalia?" afisa akauliza.

Mama akatazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Nikamletea kreti ya soda. Akajifuta mikono kwa leso, akainua kifuniko.

Alichopiga hakikuzidi dakika mbili au zaidi kidogo. Mkono wa kulia haukuwa na kazi kubwa: noti moja imekaa, inaigusa jirani yake wa juu, inarudi. Inaigusa tena, inarudi. Kama mtu anayeguna peke yake kibarazani. Mkono wa kushoto ulikuwa ukipiga noti tatu kwa pamoja, polepole, zilezile, zilezile, halafu kidole kimoja kinashuka kidogo sana, kisha kingine. Nilikuwa nimesimama nikahisi sakafu inateremka chini ya miguu yangu. Mbele kidogo akapanda ghafla, akapiga kwa nguvu mpaka ile kreti ikalia, kisha nguvu zikamwisha. Kimya. Nikadhani amemaliza. Zikaja sauti tatu za chini, hafifu, moja baada ya nyingine, na hapo ndipo akashusha mikono.

Foklifti ilikuwa imezimwa, sijui saa ngapi. Kuli mmoja mtu mzima, tunajuana tangu nilipokuwa karani, alikuwa amesimama na kamba mkononi. Akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Alisema vile tunavyosema sote tukipigiwa simu ya msiba.

Afisa akaandika kwamba chombo ni kizima, akatia saini. Nilipokuwa namsaidia mama kurudisha mablanketi nikamuuliza, "Mama, wimbo huo wasema nini?"

"Hauna maneno, mwanangu. Ni Chopin."

Usiku nilikaa na simu nikautafuta mpaka nikaupata: Preludi ya 4 katika E mina, moja kati ya Preludi 24, vipande vifupi vya piano, zilizotolewa 1839. Mistari 25 tu ya kupimia muda, haijai hata kurasa mbili. Niliisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kisha nikataka kujua aliyeitunga alikuwa katika hali gani, na hapo nikakutana na jambo lililonifanya niketi wima kitandani.

Mwishoni mwa 1838 Frédéric Chopin alikwenda kisiwani Mallorca, Hispania, pamoja na mwandishi George Sand na watoto wawili wa mama huyo. Alikuwa na miaka 28 na kifua kibovu, akitarajia hewa ya bahari na jua vitamsaidia. Siku za mwanzo zilikuwa njema, kisha mvua zikaanza, ugonjwa ukapanda, na watu wakawaogopa. Wakahamia juu mlimani Valldemossa, katika nyumba ya watawa iliyokuwa imeachwa na wenyewe. Chopin alikuwa ameagiza piano kutoka kwa Pleyel, mtengenezaji wa Paris. Piano ikafika bandari ya Palma, na forodha wakaizuia. Ushuru uliotakiwa ulikuwa mkubwa mno. Zikapita wiki za kuvutana na maafisa hadi ukapunguzwa. Ilipandishwa mlimani Januari 1839, na mwezi uliofuata wenyewe wakafunga virago wakaondoka. Huku nyuma alikuwa akifanya kazi yake kwa kinanda hafifu cha palepale kisiwani.

Mimi uso wa mtu anayengojea mzigo ninaujua. Anakuja ofisini asubuhi kuuliza, anarudi alasiri kuuliza tena ingawa anajua jibu. Anakwambia mambo ya nyumbani kwake ambayo hukumuuliza. Nikamwona mgonjwa huyu kisiwani, mvua haikatiki, anakohoa, na chombo anachokihitaji kipo bandarini, umbali wa safari ya gari la farasi, kimefungwa kwenye kreti. Sidai kwamba Preludi ile ilitoka hapo. Baadhi ya zile 24 alikuwa nazo tayari kabla ya kusafiri. Ila tangu nilipoijua habari hiyo, kila nikisikia mkono ule wa kushoto unavyoteremka nahisi ninamjua mtu huyo.

Alifariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, na miaka 39. Siku ya mazishi, kanisani Madeleine, Preludi hiyohiyo ilipigwa kwa ogani. Kuli wetu wa Changamwe hakuwa na habari. Sikio lake lilifika peke yake.

Nifafanue nilikotoka, maana huenda msomaji akafikiri nilizaliwa nikisikiliza mambo haya. Nimelelewa Mji wa Kale, nyumba yenye redio kaseti na rafu ya kanda za taarab za Mbwana Radio. Kwetu muziki ni maneno. Mtu akiinuka harusini kwenda kutunza, ametunza ubeti, na nusu ya ukumbi wanajua kwa nini ubeti ule umemwinua, na wengine wanajua umemlenga nani. Vinanda na fidla vimetandika mkeka, anayekaa juu yake ni shairi. Jina lenyewe la taarab limetoka kwenye neno la Kiarabu, tarab, ile hali ya mtu kuguswa na muziki hata akashindwa kujizuia. Kwa hiyo nilipokaa na muziki usio na neno hata moja, mwanzo nilikuwa kama mtu aliyepewa barua tupu. Nani kafa? Nani kaachwa? Nani anamsema nani?

Kisha nikamkumbuka babu. Kwenye kanda zile, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, mpiga udi huachiwa nafasi peke yake. Taksimu. Hapigi wimbo wenyewe. Anapapasa, anapanda kidogo, anarudi, anakaa kwenye sauti moja kana kwamba amesahau alichokuwa akikitafuta. Sisi watoto tulikuwa tukipiga kelele wakati huo maana kwetu wimbo ulikuwa bado. Babu alikuwa akiinua kidole. "Nyamazeni, ushaanza." Ilinichukua zaidi ya miaka 30 na piano ya mtu mwingine kumwelewa.

Udi na piano vina udugu, na udugu wao ni kufa kwa sauti. Fidla ina uta, anayeipiga aweza kuivuta noti akaikuza ikiwa tayari hewani. Mwimbaji ana pumzi, zumari ina pumzi. Udi ukishadonolewa, basi, sauti inaanza kuondoka. Na piano ni vivyo hivyo, licha ya ukubwa wake wote. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence aliyeitengeneza karibu na mwaka 1700, alitafuta njia ya kuufanya mguso wa kidole ulete sauti ndogo au kubwa kulingana na nguvu ya kidole, na akaipata kwa nyundo: bonyeza kipande cha mbao, nyundo iruke, igonge waya, irudi. Tangu hapo zimeongezwa fremu ya chuma na waya zipatazo 230 zinazovutana kwa uzito wa tani nyingi, na sufu iliyoshindiliwa kwenye vichwa vya nyundo, lakini siri ni ileile. Nyundo ikisharudi, mpigaji hana mamlaka tena juu ya ile noti. Hawezi kuikuza wala kuitetemesha. Aweza kuiacha ife taratibu, au aikate.

Hebu rudi sasa kwenye Preludi. Mkono wa kushoto unarudiarudia kwa sababu usiporudia hakutabaki kitu. Kila mara anazifufua zilezile noti tatu, na kila baada ya muda moja yao imerudi ikiwa chini kidogo kuliko ilivyokuwa. Wa kulia umeshikilia noti yake moja, nayo inafifia huku ukiisikia, kabla haijaguswa ile ya jirani. Hakuna anayelia. Ni sauti zinaondoka chumbani mbele ya macho yako, na mtu mmoja anajitahidi kuzibakisha kwa vidole kumi. Nikisikia watu wanasema huzuni ya piano ni kwa sababu ya mina, kwamba kati ya ngazi mbili za noti, meja ni furaha na mina ni kilio, nawaona wameishia mlangoni. Mtunzi Schubert nitakayemtaja chini ameandika katika meja, na hakuna kilichowahi kunitia baridi kama kile.

Kuna jambo linaniuma nalo nitalisema hapa. Kwenye simu kumejaa mikusanyo ya piano ya kulalia. Wanachukua sehemu ya kwanza ya Sonata ya Mbalamwezi ya Beethoven, wanaiunganisha na mlio wa mvua, na chini watu wanashukuru kwamba walisinzia baada ya dakika tano. Simlaumu mtu aliyekosa usingizi. Lakini sonata ile ina sehemu tatu, na ya tatu ni dhoruba: vidole vinapanda kinanda kwa kasi kama maji yanayopanda ukuta wa Forti, ngome yetu ya kale, wakati wa kusi, na kila yakifika juu, vishindo viwili. Aliyeandika dhoruba ile ndiye aliyeandika utulivu wa mwanzo, katika kikao kimoja cha nafsi yake. Hata jina la mbalamwezi hakulitoa yeye. Lilitoka kwa mhakiki Ludwig Rellstab, aliyeifananisha na mwezi juu ya ziwa la Lucerne. Mwaka ule alioitunga, 1801, Beethoven alimwandikia rafiki yake daktari Wegeler kwamba kwa karibu miaka miwili amekuwa akiwakwepa watu, kwa kuwa hawezi kuwaambia, mimi ni kiziwi. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Tena aliagiza sehemu ya kwanza yote ipigwe vile vizuizi vya waya, vinavyoikata noti kidole kikiondoka, vikiwa vimeinuliwa, ili kila sauti iendelee kulia ndani ya inayofuata. Kwenye piano za leo, ambazo zina mwangwi mrefu, ukimfuata neno kwa neno inakuwa ukungu, kwa hiyo wapigaji wengi hubadilisha taratibu pedali, ile ya mguuni inayoviinua vizuizi hivyo. Lakini mwenye kukulia Mji wa Kale hashindwi kuelewa alichokitaka. Simama kichochoroni alfajiri wakati adhana za misikiti mitatu zinapishana, hii haijaisha na ile imeanza, na kuta zimezishika zote. Ndiyo sauti ile.

Watunzi Debussy na Satie ninawapenda, sitakaa nao sana leo. Ile Gymnopédie ya kwanza ya Satie, ya 1888, ni Jumapili ya kaskazi saa tisa, maduka yamefungwa, hata paka hana pa kwenda. Aliyeishi hapa ataitambua bila kuelezwa.

Schubert nilimsikilizia feri. Nakaa Likoni, na mwezi ule meli zilifuatana tukawa tunatoka kazini usiku wa manane. Sonata yake ya mwisho, katika B-flati, aliimaliza Septemba 1828. Tarehe 19 Novemba akafa, miaka 31. Inaanza kwa utulivu kabisa, wimbo wa mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Unatembea naye, unapumzika. Kisha chini kabisa, upande wa kushoto, noti mbili zinatetemeka, polepole, kwa sauti ndogo sana. Halafu kimya. Halafu wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kitu. Usiku wa kwanza nilivua visikizio masikioni nikidhani ni injini ya feri. Nikavirudisha, nikairudisha nyuma, na ikaja tena. Ni kama radi ya mbali kule baharini wakati mko mezani mnakula, kila mtu ameisikia, hakuna aliyeitaja. Tulipogonga upande wa pili watu wakaanza kupanda mteremko na mimi nikabaki nimeshika reli mpaka mlinzi akaniita.

Na sasa mtunzi Brahms, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya niandike. Mwaka 1892, mzee karibu na miaka 60, alitunga Intermetso tatu, vipande vifupi vya piano, kazi yake namba 117. Juu ya ile ya kwanza aliweka mistari ya bembelezo la Kiskoti, lililotafsiriwa Kijerumani na mwandishi Herder, mama akimwambia mtoto alale kwa kuwa kumwona akilia kunamuumiza. Brahms mwenyewe aliziita tatu zile bembelezo za huzuni zake. Wimbo haukai juu, mahali sikio linapozoea kuutafuta. Ameuficha katikati ya mkono, na noti za juu na za chini zimeufunika kama mtoto aliyefungwa ndani ya leso. Lazima mpigaji aegemeze uzito wa vidole vya ndani ili usikike.

Wanawake wetu wanalijua jambo hili. Bembelezo la Kiswahili halimwambii mtoto peke yake. Mtoto haelewi, ndiyo maana anaweza kuambiwa. Nilipokuwa na miaka minane baba alikuwa amepata kazi melini, na barua zilikuwa zimekoma. Usiku mama alimbembeleza mdogo wangu, sauti ileile kila usiku, ikipanda kidogo na kurudi. Mchana alikuwa mama wa kawaida, anapika, anatugombeza, akiulizwa na majirani anasema hajambo, yuko safarini. Usiku, baada ya mdogo wangu kulala, alikuwa akiendelea kuimba bila maneno, midomo imefumbwa. Mimi nilikuwa macho upande wa ukuta. Hayakuwa yangu niyasikie.

Hicho ndicho nilichokipata katika piano ya mtu mmoja na sikukipata katika ukumbi wenye okestra, wala katika taarab ninayoipenda mpaka leo. Anayepiga hanisemeshi. Ameketi upande, hata uso hajaniletea. Mimi nimelala upande wa ukuta, macho wazi, na haniambii nifanye nini na nilichokisikia.

Mwezi wa Mei nilikwenda Kisauni kumjulia hali yule mama. Masika ilikuwa imekolea, njia za ndani zote matope. Kwao ni ukoo wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa watumwa waliokombolewa, na kinanda alijifunza kanisani, akiwa mtoto asiyefikia pedali. Baada ya shikamoo na chai akanionyesha piano. Aliisogeza mbali na ukuta wa nje, na ndani, chini, ameweka balbu ndogo inayowaka mchana na usiku ili mbao zipate joto. Hata hivyo hewa yetu haisikii dawa. Chumvi imeanza kuchora kutu kwenye waya, mbao zimevimba.

"B hii imeninyima," akasema, akaibonyeza. Kijiti kikashuka, ndani kukasikika mbao, tok, na nyundo haikufika. Fundi yuko Nairobi, hawezi kuja mpaka mvua zipungue.

Nikamwomba Preludi. Akanitazama. Nilikuwa nishajua kwa nini: noti ile ambayo mkono wa kulia unakaa juu yake tangu mwanzo ni B, hiyohiyo. Akapiga. Kushoto kukaanza kuteremka, na kulia, mahali pa wimbo, tok. Jirani yake wa juu akalia vizuri, kisha tok.

Akasimama. "Haya, nipe hiyo noti wewe."

"Mama, mimi si mwimbaji."

"Sikukuambia uimbe. Nipe noti."

Akanitafutia ile ya chini inayofanana nayo, nikaishika kwa midomo iliyofumbwa. Tukaanza. Alipofika mahali pangu nikatoa, mmm, nikaivuta kwa pumzi yangu yote mpaka jirani alipokuja, nikarudi tena. Nikajiona nimeweza. Mstari wa tatu akaondoa mikono.

"Waivuta mno," akasema. "Piano haina pumzi. Itoe, kisha iwache."

Tukarudi mwanzo. Nikaitoa, nikaiwacha.